Kisu cha kwanza: chuma kipi, moto kiasi gani

Lubumbashi haina njaa ya chuma. Nyuma ya gereji za Katuba, kwenye marundo ya ferai (vyuma chakavu) ya mtaa wa Kenya na kandokando ya barabara ya Kasumbalesa kuna springi za malori, nondo, meno ya tingatinga, taya za mashine za kuponda mawe, fimbo za kutobolea miamba na tupa zilizolika. Anayetaka kutengeneza kisu chake cha kwanza hutazama utajiri huo akaona kazi iliyobaki ni kuokota kipande chenye umbo la kupendeza. Anakisaga siku tatu, anakitia motoni hadi kiwe chekundu, anakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Hapo hutokea moja kati ya mambo mawili: ama kisu kinalia "tik" ndani ya ndoo na kutoka na ufa, ama kinatoka salama, kinanolewa hadi king'ae, na makali yake yanalala kabla kilo moja ya nyama haijaisha.

Mara nyingi mkono wake hauna kosa. Kosa ni kudhani kwamba kuchagua chuma ni jambo moja na kukitia moto ni jambo jingine. Ukishachagua kipande, umeshachagua pia joto lake, kimiminiko cha kukipoza na saa za kukikalisha kwenye oveni, upende usipende. Kwa hiyo anayeanza asihangaike kutafuta chuma bora kuliko vyote. Atafute kile kinachokubali moto anaoweza kuutawala kwa makala (makaa ya miti), sumaku na debe la mawese.

Kaboni ndiyo yenye neno

Waswahili wa zamani walitofautisha chuma na feleji. Upanga wa kutegemewa ulikuwa wa feleji. Siku hizi vyote tunaviita chuma, ingawa tofauti ipo palepale, nayo ni ndogo ya kushangaza. Ni kaboni. Nondo ya ujenzi na bamba la kuchomelea milango vina kaboni ya takriban 0.2%. Vinafulika vizuri, vinachomeleka vizuri, lakini hata ukivipasha na kuvizamisha mara ishirini havitashika makali. Kisu kinataka kuanzia 0.5% hivi, na eneo zuri kwa anayeanza ni kati ya 0.55 na 0.85%.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chuma kikiwa baridi, kaboni yake imejikusanya katika vipande vidogo vidogo vigumu vilivyotapakaa ndani ya chuma laini. Ukikipasha kupita nyuzi 730 hivi, mpangilio wa atomi za chuma hubadilika na kuacha nafasi ambamo kaboni inaweza kuyeyukia, kama sukari ndani ya chai. Ukikiacha kipoe polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na kujikusanya tena, na chuma kinarudi laini. Ukikipoza ghafla, mlango unafungwa kaboni ikiwa bado ndani. Mpangilio unabaki umejibana na kuvutana kila upande, na mvutano huo ndio ugumu tunaoutafuta. Wataalamu huuita martensiti. Ni mgumu karibu kama tupa na unavunjika kama kioo, kwa hiyo baada ya kuzamisha lazima chuma kipashwe tena kwa joto dogo ili mvutano upungue.

Karakana za hapa huziita hatua hizo kwa Kifaransa, trempe na revenu. Humu tutasema kuzamisha na kurudisha.

Cha kuokota na cha kuacha

Kipande cha kwanza cha kutafuta ni bamba la springi, lile ambalo makanika huliita resori. Magari ya Kijapani hutumia sana chuma cha aina ya SUP9, ya Kimarekani 5160, ya Ulaya 51CrV4 au, kwa yale ya zamani, 55Si7. Majina ni mengi lakini tabia ni za ndugu: kaboni ya 0.5 hadi 0.6%, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo inayokifanya chuma kigumu hata kikipozwa kwa mafuta. Hapo ndipo anayeanza anapookoka. Maji hupoza kwa ukali, na ukali huo ndio unaopasua visu. Mafuta ni mapole, nayo springi inayakubali. Isitoshe chuma hiki ni kivumilivu. Kisu chake kitanyonga mfupa bila kunyofoka, hata kama joto lako lilikosea kidogo.

Chagua bamba la pikapu, lenye unene wa milimita 6 hadi 8. Bamba la lori la milimita 12 litakula siku nzima ya kufua au diski tano za kusagia kabla halijafika milimita 3 au 4 ambazo kisu cha jikoni au cha porini kinahitaji mgongoni. Kata kipande kutoka ncha za bamba. Katikati, pale palipo na tundu la bolti na palipobanwa kwenye ekseli, ndipo chuma kilipopigwa na barabara miaka yote, na nyufa za uchovu hujificha hapo zisionekane kwa macho. Njia ya kuzifichua ni rahisi: safisha kipande hadi kiwe cheupe, kiloweke ndani ya mafuta ya taa kwa saa kadhaa, kipanguse kikauke kabisa, kisha kipake unga wa chaki. Baada ya robo saa mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kipande chenye mstari, hata uwe mwembamba kama unywele, ni cha kutupa.

Tupa kuukuu ina kaboni ya 1% na zaidi, na hutoa makali yanayonyoa. Lakini inahitaji kupozwa haraka kuliko springi, hukasirika ikizidishiwa joto, na kuna tupa za bei rahisi ambazo ugumu wake uko kwenye ngozi tu, ndani ni chuma laini. Iache kwa kisu cha pili au cha tatu. Panga lililochakaa ni chuma cha kweli chenye kaboni ya kutosha, ila ni jembamba, hivyo linafaa kisu kidogo cha mboga na linapinda kirahisi wakati wa kuzamishwa. Bringi zenye alama ya 100Cr6, au 100C6 kwa mtindo wa zamani wa Kifaransa, zina kaboni ya 1% na kromiamu ya 1.5%, ni chuma bora kwa mwenye tanuri lenye kipimajoto. Reli ni fuawe nzuri sana. Nunua tu ile inayouzwa kwa karatasi, kwa maana reli iliyong'olewa njiani ni ajali ya treni inayosubiri.

Na ukibahatika kumpata mtu anayetoka Afrika Kusini na akakuletea ubao mpya wa chuma cha 1084 au C75, usione aibu kwamba hukuokota mwenyewe. Chuma chenye jina kinakuondolea nusu ya mashaka. Cha 1084 hasa, chenye kaboni karibu 0.8% na kisicho na mambo mengi, hakihitaji hata kukalishwa motoni: kikifika joto, kimefika.

Sasa mitego. Mji unaoishi kwa migodi una mitego yake, na mkubwa kuliko yote ni taya za mashine za kuponda mawe. Vipande hivyo vizito huonekana kama ndoto ya mhunzi: vimeponda miamba miaka na miaka, na ukivisaga vinarusha cheche nyingi nyeupe zenye matawi kama chuma chenye kaboni nyingi. Na kweli kaboni ipo, karibu 1.2%. Lakini kuna pia manganizi ya karibu 12%. Ni chuma alichokigundua Mwingereza Robert Hadfield mnamo 1882, na tabia yake ni kinyume cha unachotaka: ukikipasha na kukizamisha hakiwi kigumu, kinakuwa laini na kisichovunjika. Hugumaa pale tu kinapogongwa, tena juujuu. Kinakula diski, kinakataa kutobolewa, na mwisho hakitoi makali. Sumaku ndiyo inayokitoboa siri, kwa kuwa haikishiki. Tembea na sumaku mfukoni, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Kipande kisichoshikwa na sumaku kikiwa baridi si chuma chako.

Mabamba magumu yanayovishwa ndoo za tingatinga nayo hudanganya. Tupa inapata tabu juu yake, kwa hiyo mtu anaamini amepata. Ugumu wake ulitengenezwa kiwandani kwa kaboni ndogo, mara nyingi chini ya 0.3%; ukiyafua unaupoteza na hautarudi kwa kiwango cha kisu. Gia nyingi na bringi kubwa zina ngozi ngumu na moyo laini. Misumeno ya mashine ya kukatia chuma mara nyingi ni ya aina inayohitaji nyuzi zaidi ya 1,150, ambazo makala hayatazifikisha bila kuharibu kitu. Vijiko na masufuria ya chuma kisichoshika kutu, usiviguse. Hata vile vyuma vya visu visivyoshika kutu hutaka nyuzi 1,000 na zaidi, kwa usahihi. Fimbo za kutobolea miamba ni bahati nasibu: zipo nzuri sana, zipo zenye ngozi tu, na jina halijaandikwa popote.

Chochote kilichopakwa zinki, lile rangi la fedha la mabomba na bolti, kisiingie motoni kabisa. Moshi wake mweupe huleta homa na kubana kifua usiku huohuo.

Vunja kabla ya kusaga

Kipimo cha kuamini kuliko vyote kinagharimu sentimita 10 za chuma, na wanaoanza hukikwepa kwa kuonea kipande huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kata kipande chembamba, upana wa kidole. Kipashe hadi sumaku iache kukishika, ongeza kidogo, kizamishe kwenye mafuta ya vuguvugu. Kikipoa, pitisha tupa pembeni. Ikiteleza kama juu ya kioo, umepata chuma kinachogumaa. Ikiuma, usikate tamaa mara moja, kwa sababu moto huila kaboni ya ngozi ya juu. Saga robo ya milimita, jaribu tena. Bado inauma? Rudia na kipande kingine ndani ya maji ya chumvi. Kikikataa hapo pia, kaboni haitoshi.

Kisha kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani, na ukigonge kwa nyundo. Kikipinda badala ya kuvunjika, kitupe. Kikivunjika, peleka sehemu iliyovunjika kwenye mwanga. Ukiona uso wa kijivu usiong'aa, laini kama mahameli, joto lako lilikuwa sahihi. Ukiona punje zinazometameta kama sukari ya mawe, ulizidisha moto. Vunja vipande vitatu kwa makusudi: kimoja kilichopashwa hadi sumaku inapoachia na kidogo tu zaidi, kimoja kilichofika rangi ya chungwa, kimoja kilichofika manjano. Viweke pembeni kwa pembeni. Cha manjano kitakuwa kimevunjika kwa pigo jepesi na uso wake utakuwa wa changarawe. Kisu chenye uso kama huo ndani yake huvunjika kikianguka sakafuni. Hakuna maelezo yatakayokufundisha joto kama vipande hivyo vitatu, na inafaa uvihifadhi juu ya meza ya kazi.

Moto

Makala yetu ya miti ya miombo ni nishati nzuri ya kazi hii: safi, bila salfa, yanafika nyuzi 1,200 bila shida. Shida ni kwamba yanafika bila kukuuliza. Upepo unaopuliza makala ukitoka bombani moja kwa moja hadi kwenye ubapa wa kisu, ncha inakuwa ya manjano huku mkia, upande wa mpini, bado ni mweusi. Dawa yake ni kipande cha bomba la chuma lisilopakwa zinki, kipenyo cha sentimita 7 au 8, kilicholazwa katikati ya makala. Ubapa unaingia ndani ya bomba na haugusi makala. Bomba linagawa joto sawasawa, unaona kila kitu ndani yake, na upepo haufiki kwenye chuma. Ponda makala yawe ya ukubwa wa yai la kuku, rundo liwe na kina cha sentimita 15 chini ya bomba na mengine yafunike juu, na puliza kwa upole. Fanya kazi hii nje au chini ya paa lililo wazi, kwani moshi usioonekana wa makala huua ndani ya chumba kilichofungwa. Na subiri jioni. Jua la saa sita hufanya nyuzi 850 zionekane kama chuma kilichopoa, na ndiyo sababu waliozidisha moto wengi walifanya kazi mchana.

Kabla ya kuzamisha, chuma kitulizwe kwanza. Kufua na kukata hukiachia punje zisizolingana na mvutano uliojificha. Usipoviondoa, ubapa utapinda mafutani. Pasha hadi rangi ya chungwa iliyofifia, nyuzi 870 hivi, toa, acha upoe hewani hadi sumaku ishike tena na wekundu uishe kabisa. Rudia kwa moto wa chini kidogo, 840. Rudia mara ya tatu kwa 810. Usiuweke juu ya zege baridi wala mbele ya upepo. Uning'inize kwa waya. Hatua hii haina mvuto, haitoi moto wala kelele, ndiyo maana watu huiruka.

Wakati huu makali yawe bado mazito, milimita moja na nusu. Ukiyasaga yakawa membamba kabla ya kuzamisha, yatajikunja kama ukingo wa jani la muhogo jua kali, au yatapasuka.

Sasa joto lenyewe. Springi inataka nyuzi 830 hivi. Bila kipimajoto una mashahidi watatu. Wa kwanza ni sumaku, inayoachia karibu na 770. Wengi husimama hapo, na hapo ni mapema. Wa pili ni chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 801 kamili. Paka uji mzito wa chumvi kwenye mgongo wa ubapa, uache ukauke, kisha ingiza motoni. Chumvi itabaki nyeupe na kavu kwa muda, halafu ghafla itang'aa kama umande. Shahidi wa tatu ni chuma chenyewe. Chungulia ndani ya bomba ubapa ukiwa unapanda wekundu. Utaona mahali pembamba, karibu na makali na ncha, pakitangulia kung'aa, na nyuma yake kivuli cheusi kikitembea polepole kuelekea mgongoni, kama kivuli cha wingu juu ya majani. Kivuli hicho ni chuma kinachobadilika ndani: sehemu hiyo inanywa joto bila kupanda rangi. Kikiisha kupita ubapa mzima, na chumvi imeyeyuka, na rangi ni moja kuanzia ncha hadi mkia, punguza upepo na ushikilie hapo dakika 5. Muda huo ni wa kromiamu, inayochelewesha kaboni kuyeyuka.

Ukiona ncha imepita ikawa ya manjano, usizamishe ukijipa moyo. Toa, acha upoe hewani, anza tena. Punje zilizokua hupona kwa kutulizwa upya.

Mafuta

Mawese yanafaa. Yakiwa ya moto kiasi yanapoza kwa kasi inayotosha springi, na moshi wake hauna sumu ya mafuta machafu ya injini, yenye madini mazito na mabaki ya petroli. Achana na hayo ya injini hata kama gereji inayagawa bure. Ila mawese mabichi ya sokoni huwa na maji na mashapo, na maji ndani ya mafuta yanayopokea chuma chekundu hurusha mafuta nje ya chombo. Yachuje, uyapashe polepole hadi mapovu yakome, kisha ndipo uyaweke kazini. Lita 5 ndani ya bomba refu la chuma lililozibwa chini zinatosha kisu cha sentimita 20. Bidoni ya plastiki isikaribie hapo. Kifuniko cha chuma kiwe mkononi; mafuta yakiwaka yanazimwa kwa kufunikwa au kwa mchanga, maji kamwe.

Joto la mafuta liwe nyuzi 50 hadi 60. Inasikika ajabu kwamba mafuta ya moto hupoza vizuri kuliko ya baridi, lakini ni kweli: yakiwa mazito hayatembei, yanaganda kuzunguka chuma kama blanketi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Lubumbashi zikiwa chini ya nyuzi 10, mawese huwa kama siagi. Tumbukiza kipande cha nondo chekundu, koroga, pima.

Kutoka bombani hadi mafutani usizidi sekunde mbili, kwa hiyo chombo kiwe hatua moja kutoka motoni. Ingiza ncha kwanza, wima, hadi mkia, kwa mwendo mmoja. Kisha peleka mbele na nyuma kama unayekata mkate. Ukitikisa ubavuni, upande mmoja unapoa kabla ya mwingine na ubapa unageuka ndizi. Hesabu polepole hadi 12. Ukitoka bado unatoa moshi, utazame kwa mstari wa jicho. Umepinda? Udongo uwahi ungali maji: kwa muda usiozidi dakika moja, kabla haujashuka chini ya nyuzi 200 hivi, chuma kinakubali kunyooshwa kwa mikono yenye glavu za ngozi au kati ya mbao mbili. Ukichelewa, utausikia ukivunjika.

Kurudisha

Ubapa uliotoka mafutani haupaswi kulala usiku. Kuna visu vilivyoachwa juu ya meza vikakutwa asubuhi vimepasuka vyenyewe bila kuguswa. Ukishaweza kuushika kwa mkono mtupu, uoshe kwa sabuni, upeleke kwenye oveni.

Springi: nyuzi 200, saa mbili, acha upoe kabisa, kisha saa mbili tena. Ugumu utakuwa karibu 57 hadi 59 kwa kipimo cha Rockwell C, mzuri kwa kisu cha kazi zote. Oveni za nyumbani husema uongo kwa nyuzi 20 au 30 na hupanda na kushuka. Fukia ubapa ndani ya sinia la mchanga mkavu na usome kipimajoto kilichochomekwa ndani ya mchanga huo. Kipimajoto chenyewe kikaguliwe kwa maji yanayochemka. Hapa tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kwa hiyo kinachosema ukweli kitaonyesha karibu 96. Kikionyesha 100, kinazidisha kwa nyuzi 4.

Umeme ukikatika katikati, hakuna kilichoharibika. Saa zinahesabiwa kwa kujumlisha. Usipokuwa na umeme kabisa, sufuria nzito yenye mchanga juu ya makala machache hufanya kazi ileile, mradi ukae nayo. Rangi nazo husaidia: sehemu iliyong'arishwa huanza kuwa ya majani makavu karibu na 205, kahawia karibu na 260, zambarau karibu na 280, bluu karibu na 300. Majani makavu ni pazuri. Bluu ni springi tena, na makali yatalala. Usizitegemee peke yake, kwa kuwa saa mbili katika nyuzi 200 hutoa rangi iliyokolea kuliko dakika tano.

Baada ya hapo, adui ni diski ya kusagia. Makali membamba yakishika bluu kwa sekunde moja, ugumu wa mahali hapo umekwisha. Shika ubapa bila glavu, chovya majini kila unapohisi joto, na hatua za mwisho zifanye kwa jiwe na msasa.

Kipimo cha mwisho ni fimbo ya shaba ya njano ya milimita 6, mfano shina la bomba bovu la maji. Lilaze kwenye jiliwa, weka makali yaliyonolewa juu yake kwa mteremko uleule wa kunoa, bonyeza na uvute kisu taratibu huku taa ikiwa nyuma. Utaona makali yakivimba kidogo pale yanapopita juu ya fimbo. Yakirudi yalivyokuwa, kisu kimekamilika. Yakibaki yamepinda, ama uliyarudisha kwa moto mwingi ama bado uko kwenye ngozi iliyopoteza kaboni. Noa nusu milimita zaidi kisha ujaribu, kabla ya kuanza upya. Yakinyofoka vipande vidogo kama chembe za chumvi, ongeza nyuzi 15, saa mbili nyingine mchangani, noa, rudi kwenye fimbo.